Msimbazi mvua ikianza: shajara ya mradi, kiangazi mpaka mwisho wa masika

Februari, bado jua kali

Kwa wanaoingia sa hivi ngoja nieleze kwanza tunafanya nini maana watu wengi wameuliza. Tunapima uchafu wa kikaboni unaoingia Mto Msimbazi wa hapa Dar es Salaam kupitia mitaro ya maji ya mvua na chemba za majitaka zinazofurika, na tunaupima mvua inapoanza, sio siku ya jua. Hapo kwenye "mvua inapoanza" ndo mradi mzima ulipo. Mito yetu ya mjini mara nyingi inachotwa maji asubuhi kavu, barabara inapitika, daraja linafikika, alafu ile namba inaandikwa kwamba ndo hali ya mto. Hapana, hiyo ni hali ya mto siku hiyo. Mzigo mkubwa unapita ndani ya muda mfupi sana, kuanzia matone ya kwanza mpaka mitaro ikishajisafisha, na kama hujasimama pale muda huo hujauona, na mwaka mzima unaweza kupita unapima na hujauona.

Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu upande wa Kisarawe, unatembea kama kilomita 35 hivi, Vingunguti, Tabata, Kigogo, Jangwani, mpaka unaingia baharini pale Daraja la Salenda. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 Dar es Salaam na sehemu kubwa ya hao hawana bomba la majitaka, wana choo cha shimo au karo. Kwaiyo tukisema majitaka yanafurika Dar usifikirie tu lile bomba kubwa la katikati ya mji. London kwa mfano wana mabomba ya zamani yanayobeba majitaka na maji ya mvua pamoja, yakizidiwa yalikua yanamwaga Thames, ndo maana wamechimba handaki la kilomita 25 kuyakusanya. Kwetu kwenye makaratasi vitu viwili viko mbalimbali, mtaro ni wa mvua na chemba ni ya majitaka, ila ukitembea mtaani kwa miguu unakuta vyote vinakutana ndani ya mtaro mmoja kabla hata ya kufika mtoni.

Uchafu wenyewe tumeugawa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni ule unaokula oksijeni: kinyesi, damu, mabaki ya chakula, mafuta ya kupikia, maji ya kufulia. Huu unapimwa kwa BOD, yaani bakteria wanatumia oksijeni kiasi gani kwa siku 5 wakiumeng'enya. Kanuni za Tanzania za 2007 zinataka maji yanayoachiwa kwenye mazingira yasizidi miligramu 30 kwa lita, na majitaka mabichi ya nyumbani yana mara kadhaa ya hiyo. Sasa kumbuka maji ya joto letu hayashiki oksijeni nyingi, kwenye nyuzi 30 yakishiba kabisa ni kama miligramu 7.5 tu kwa lita wakati kwenye nyuzi 20 ni zaidi ya 9. Mto wetu unaanza na akiba ndogo kabla hata hujautia kitu.

Fungu la pili ni vile vya kiasi kidogo sana lakini vyenye maisha marefu au makali: haidrokaboni za PAH zinazotoka kwenye oili chafu, moshi wa magari na kuungua kwa vitu, dawa tunazomeza, viuatilifu, vumbi la matairi. Moja ya hizo PAH, benzopairini, iko kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Hivi havionekani kwa macho na havinuki, na ndo vinanikosesha usingizi kuliko vile vinavyonuka.

Februari, wiki ya pili

Tumezunguka serikali za mitaa na barua ya utambulisho. Wenyeviti wote waliotupokea walitaka kujua jambo moja, je tukikuta mtu kafungulia choo kwenye mtaro tutamtaja? Hatumtaji. Tunapima mdomo wa mtaro pale unapomwaga mtoni, hatupimi nyumba ya mtu, na ramani yetu itaonyesha midomo tu. Tulivyoeleza hivo milango ikafunguka, na mjumbe mmoja mzee sana akatuambia, "Nyie wanangu mkitaka ukweli njooni usiku na mvua, mchana kila mtu msafi."

Hili la kutapisha vyoo lazima niliseme vizuri maana watu wa nje ya mabonde wanalihukumu haraka. Nyumba za bondeni maji ya ardhini yako juu. Masika ikifika shimo linajaa lenyewe, hata kama familia haijaongeza kitu maji yanapanda kutoka chini. Gari la majitaka haliingii kwenye kile kichochoro, na likiweza kusogea karibu bei ya trip moja ni hela ya kula ya siku nyingi. Mtu anasubiri mvua kubwa, anatoboa pembeni, choo kinatapika kwenye mtaro. Sio kwamba hajui ni vibaya. Ukimuuliza kwa heshima anakwambia mwenyewe na anakwambia kwa uchungu.

Machi mwanzoni, vitambaa

Wakati tunasubiri mvua tumeanza na njia rahisi. Sabuni za unga zina kemikali za kung'arisha nguo, na hizo zinang'aa rangi ya bluu ukizimulika na mwanga wa zambarau, ile tochi ndogo wanayokagulia noti dukani. Kwaiyo unachukua kipande cha merikani, nguo ya pamba isiyopaushwa, unakimulika kwanza kuhakikisha chenyewe haking'ai, unakifunga ndani ya kimfuko cha wavu kwenye mdomo wa mtaro, unakiacha siku kadhaa, unakitoa, unakisuuza, unakikausha gizani, unakimulika. Kiking'aa ina maana kwenye mtaro huo kuna maji ya nyumbani yanapita hata siku ambazo hamna mvua.

Midomo mingi imeng'aa. Ila tusikimbilie, kung'aa ni maji ya kufulia, sio lazima choo. Ndo maana kila kitambaa kinaenda na kipimo cha amonia, ambayo inatokana na mkojo na kinyesi. Pale vinapokuja pamoja, sabuni na amonia, tumeweka alama nyekundu. Pale sabuni iko peke yake tumeweka ya njano. Kuna mdomo mmoja upande wa Kigogo ambao kitambaa hakikung'aa kabisa, kilitoka cheusi na utando wa mafuta, na juu yake ukipanda unakuta mtaa mzima wa gereji. Huo tumeupa alama yake.

Nataka nisisitize kwamba haya yote yamefanyika na vifaa vya dukani. Mtu yeyote wa Mbagala, Kisumu au Goma anaweza kuanza kesho kwenye mto wake.

Machi, tunajiandaa kuchota

Chupa za kuchotea vitu vya kikaboni ni za kioo cha kahawia, hamna plastiki, kwa sababu plastiki inatoa kemikali zake na inanyonya zile unazozitafuta. Zinaoshwa, zinasuuzwa na kiyeyushi, zinafunikwa na foili. Barafu kwenye boksi. Mabuti, glavu ndefu, kamba kiunoni kwa anayesogea ukingoni, na sheria moja isiyojadiliwa: maji yakifika alama nyekundu tuliyochora kwenye nguzo ya daraja kila mtu anapanda juu, hata kama chupa iko nusu. Mafuriko ya Desemba 2011 yalichukua watu zaidi ya 40 jijini, bonde hili sio la kuchezea.

Kasi ya maji tunapima na chungwa. Chungwa linazama karibu lote kwaiyo upepo haulisukumi, unalitupa, unahesabu sekunde mpaka linafika alama ya pili, unazidisha na 0.85 maana maji ya juu yana haraka kuliko ya chini. Ukiwa na kasi na upana na kina una ujazo, na ujazo ukizidisha na kiasi cha uchafu ndani ya lita moja unapata mzigo. Mzigo ndo unatakiwa. Mvua ya milimita 10 tu kwenye hekta moja ya lami na mabati ni lita 100,000, sasa hata uchafu uliochujuka ndani yake unaweza kuwa mwingi kuliko mchirizi mchafu wa kiangazi.

Machi mwisho, mvua ya kwanza ya kweli

Ilianza usiku. Timu ya juu Vingunguti ikapiga simu kwamba wingu limeshuka, wa Kigogo tukawa tumeshafika. Tulichota kila baada ya dakika chache mwanzoni alafu tukawa tunaongeza nafasi kadri mvua inavyoendelea.

Dakika za mwanzo maji yalitoka meusi. Sio kahawia, meusi, na juu yana ile rangi ya upinde ya oili. Mita ya upitishaji umeme, inayoonyesha chumvi zilizoyeyuka kwenye maji, ikapanda juu ghafla, oksijeni ikaporomoka karibu na sifuri. Hii tuliitegemea, ni vumbi la Januari na Februari lote lililokaa barabarani na matope yaliyooza chini ya mtaro yakiamshwa kwa mpigo. Alafu ikashuka, maji yakawa kahawia, upitishaji umeme ukashuka kwa sababu maji ya mvua yanazimua uchafu, na kila mtu pale akafikiri kazi imeisha.

Haikuisha. Mvua ilivyokua kubwa zaidi, mitaro imejaa inavuma, amonia ikapanda tena. Upitishaji umeme uko chini, maji ni ya mvua kabisa, ila amonia inapanda na harufu ikabadilika. Tulipima mara mbili kuhakikisha. Kilele cha pili. Vitabu vya maji ya mvua vinazungumzia kilele kimoja cha mwanzo, kinachofuata kinatakiwa kuwa safi zaidi na zaidi, na hicho ndo kinategemewa kwenye mji ambao vyoo vyote vimefungwa kwenye bomba. Hapa kwetu kuna wimbi la barabara alafu kuna wimbi la vyoo, na la pili linakuja kwa sababu watu wanasubiri mvua iwe kubwa ndo wafungulie.

Kesho yake tukapita bustanini bondeni kuwasalimia wanaolima mchicha na matembele. Mama mmoja nilimpa shikamoo nikamweleza tulichoona, akasikiliza mpaka mwisho alafu akasema, "Marahaba mwanangu. Sisi tunajua hivo miaka yote. Kwanza unakuja mweusi, ukiisha mweusi unakuja wa vyoo. Mi maji ya kumwagilia sichoti mpaka yote miwili ipite." Nimeyaandika maneno yake kwenye daftari la vipimo, sio pembeni, ndani kabisa ya jedwali la tarehe ile, kwa sababu ni kipimo. Yeye na wenzake wameushika mto huu muda mrefu kuliko taasisi yoyote na wanakula wanachokivuna.

Aprili, bamvua

Wiki hii mvua kubwa imekutana na bamvua, zile siku bahari inajaa kuliko kawaida. Maji ya bahari yakijaa yanaziba mdomo pale Salenda, mto hauna pa kutokea, unarudi nyuma unatandaa Jangwani. Barabara ya Morogoro ikafungwa. Hatukuchota chochote, alama nyekundu ilipitwa asubuhi mapema. Vipimo vya Salenda kwenyewe tunavisoma na jedwali la maji kujaa na kupwa mkononi, maana chumvi ikipanda mita inapiga juu na mtu asiyejua atasema ni majitaka.

Maji yalivyoshuka ndo tukaenda kuchukua matope. Hapa niwaeleze kwa nini. PAH hazipendi maji, zinashika kwenye chembe za udongo na masizi, kwaiyo mto ukifurika zinasafiri na tope na tope likitulia zinatulia nalo. Linatulia wapi? Jangwani, kwenye bustani, kwenye viwanja vya mpira vya watoto, kwenye mikoko ya mdomoni. Maji yanaondoka kwa siku moja mbili, tope linabaki mpaka masika ijayo na linaongezewa lingine juu. Ukichuja sampuli ukatupa lile tope la kwenye karatasi ya chujio ukapima maji tu, umetupa sehemu kubwa ya jibu. Sisi tunapima vyote viwili, maji mbali na tope mbali.

Na kuna jambo kubwa linakuja. Mradi wa kuendeleza bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia ilipitisha mkopo wake wa dola milioni 200 mwaka 2022, unahusu kuchimba, kupanua mto na kuinua ardhi pembeni. Ni mradi tunaouhitaji sana, hakuna anayekaa Kigogo atakayekwambia vingine. Ila tope litakalochimbwa ni hili hili. Naomba kwa moyo wote lipimwe kipande kwa kipande kabla halijasambazwa kuwa udongo wa bustani ya kupumzikia.

Mei, maabara

Sampuli tumezipitisha kwenye vile virija vya kunasa kemikali, maji yanapita kemikali zinabaki, alafu unazitoa na kiyeyushi kidogo na kuzisoma kwenye mashine. Rafiki zetu wa maabara wamefanya kazi usiku na wikiendi na tunawashukuru mno.

Dawa tulizotafuta tumezichagua kwa maana. Utafiti mkubwa uliotoka 2022 ulipima mito 258 kwenye nchi 104, na kafeini, metfomini ya kisukari na kabamazepini zilikutwa zaidi ya nusu ya sehemu zilizopimwa, na Afrika kusini mwa Sahara ni kati ya sehemu zenye viwango vya juu kabisa. Sisi tukachukua kafeini, parasetamoli, kabamazepini na ile sulfamethoksazoli iliyoko ndani ya septrini. Kafeini na parasetamoli zinaoza kirahisi, majitaka yakipita kwenye mabwawa ya kutibu zinapungua sana. Kabamazepini, dawa ya kifafa, haiozi kirahisi, inapita kwenye mabwawa inatokea upande wa pili karibu ilivyoingia. Kwaiyo ukikuta kafeini nyingi na kabamazepini kidogo, hayo ni majitaka mabichi yaliyotoka chooni muda sio mrefu. Ukikuta kabamazepini na kafeini imepotea, yametoka kwenye matibabu. Na septrini ni antibayotiki, watu wengi wanaoishi na VVU wanaimeza kila siku kujikinga, kuwepo kwake mtoni pamoja na bakteria wa kinyesi ni shule ya usugu wa dawa, bakteria wanajifunza humo.

Majibu ya awamu ya kwanza yamekaa hivi. Wimbi la barabara: PAH juu, karibu zote zikiwa kwenye tope, dawa kidogo. Wimbi la vyoo: kafeini na parasetamoli juu, septrini ipo, PAH zimeshuka. Yule mama wa mchicha na mashine ya maabara wamesema kitu kimoja.

Na isije ikaonekana wimbi la barabara ni dogo kwa sababu halina kinyesi. Kule jimbo la Washington, Marekani, samoni aina ya coho walikua wanakufa kwenye vijito kila mvua ikinyesha kabla hawajataga, na 2020 watafiti wakaonyesha muuaji ni 6PPD-kwinoni, kemikali inayotokana na kinga ya matairi. Hamna choo hapo, ni barabara tu na mvua. Barabara ya Morogoro inakatiza juu ya bonde letu.

Juni, tunafanya nini na haya

Tumeanza kuyarudisha mitaani. Mawimbi mawili yanahitaji kazi mbili tofauti na zote zina msimu wake, hii ndo hoja tunayoipeleka kila kikao.

La vyoo linaanza kabla ya masika. Januari na Februari maji ya ardhini yako chini, vichochoro vimekauka, shimo linapungua kirahisi. Pampu ya mkono ya Gulper inaingia pale gari lisipoingia, uchafu unatolewa mpaka kwenye pikipiki ya matairi matatu na kupelekwa kwenye mabwawa. Hela ya ruzuku ikitolewa miezi hiyo inanunua mto msafi wa Aprili. Ikitolewa Aprili yenyewe imechelewa, choo kimeshatapika.

La barabara linaanza kwenye koleo. Mitaro inazibuliwa kila mwaka na vijana wanafanya kazi ngumu kweli, alafu tope linarundikwa ukingoni pale pale kusubiri gari, gari linachelewa, mvua inalirudisha lote ndani. Lile tope ndo lenye PAH. Liondoke siku ile ile. Gereji wapate mapipa ya oili chafu yanayofuatwa kweli, sio ya kuwekwa na kusahauliwa, mafundi wenyewe wametuambia wako tayari kwa sababu oili ina mnunuzi. Na Mto Ng'ombe sasa una kuta za zege, maji yanashuka haraka kuliko zamani na wimbi la kwanza litakua fupi na kali zaidi, pale panataka shimo la kunasa tope kabla halijaungana na Msimbazi.

Kwenye kikao cha mwisho mwenyekiti mmoja amekubali kujaribu mtaa wake: vyoo vya kando ya mtaro mmoja vitolewe uchafu Januari, tope la mtaro huo liondolewe siku linapochimbwa. Sisi tutapima mdomo wa mtaro huo na wa jirani yake ambao haujaguswa, mvua moja, usiku mmoja, saa zile zile.

Vuli ikianza Oktoba tunahamia kijito cha Luhanga na Mto Ng'ombe kwa vitambaa kwanza. Tunatafuta watu wanaokaa karibu na mitaro hiyo wenye simu na wanaoamka mvua ikipiga bati, kazi yao ni kutuambia imeanza saa ngapi na maji yamekua meusi au kahawia. Mwenye tochi ya noti aje nayo, merikani tunayo ya kutosha.